Romo Hakukosa wa Kumwona Denver, Alikosa Namba

Saluni ninayonyolea iko Aurora, mji uliopakana na Denver, na mwenye mashine ni mzee wa Bukavu aliyefika Colorado mwishoni mwa miaka ya 1990. Alifika wakati wa neema. John Elway, kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi, alikuwa anaaga uwanja huku akiiachia timu ya Denver Broncos mataji mawili mfululizo ya Super Bowl, fainali ya ligi, la Januari 1998 na la Januari 1999, na mzee akaufahamu mpira wa Kimarekani katikati ya shangwe. Tangu hapo amekuwa akihesabu makotabeki walioletwa kuziba pengo: Brian Griese, Jake Plummer, Jay Cutler, Kyle Orton, Tim Tebow. Peyton Manning alikuja akatuliza mioyo, akaleta taji la Februari 2016, akastaafu, na hesabu ikaanza upya.

Ndiyo maana kila Aprili, drafti ya timu kuchagua vijana wapya inapofika mwisho na majina ya raundi ya saba yanasomwa harakaharaka kwenye televisheni, mzee huzima mashine, akanigusa bega na kusema maneno yaleyale: "Mudogo yangu, ule muntu alikuaka wetu."

Mtu mwenyewe ni Tony Romo. Alipostaafu baada ya msimu wa 2016 alikuwa ameirushia Dallas Cowboys yadi 34,183 na tachidauni (mpira kufikishwa eneo la goli) 248, na hakuna kotabeki wa klabu ile aliyekuwa amefikisha hesabu hiyo kabla yake. Mwaka 2003 hakuchaguliwa na timu hata moja kwenye drafti. Denver walimtaka. Akaenda Dallas. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado wapo watu huku wanaotafuta wa kumlaumu.

Nimebishana na mzee huyu kwa miaka, na kila nikilipima upya suala lenyewe naona kwamba yeye, pamoja na mashabiki wengi wenye kilio kama chake kwenye miji mingine, analilia kosa ambalo halikutendeka. Denver hawakushindwa kumwona Romo. Walimwona, wakampigia simu, wakaweka pesa mezani. Romo ndiye aliyewakataa, na sababu yake anaijua kila mchezaji aliyewahi kugombea namba.

Tuanze na drafti yenyewe, maana ubishi mwingi unatokana na kutoielewa. Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hupanga foleni na kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Iliyofanya vibaya kuliko zote hutangulia, bingwa hukaa mkiani, na foleni inazunguka mara saba. Kijana akishatajwa hana kauli. Timu iliyomtaja ndiyo yenye haki naye, aupende mji wake asiupende. Sisi Watanzania tulilionja hili kwenye mpira wa kikapu mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipotajwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Thabeet hakuichagua Memphis. Memphis ndiyo iliyomchagua yeye, na mzigo wote wa matarajio ya mtu wa pili ukamwangukia mabegani.

Jina la mwisho likishasomwa, mambo yanageuka. Wale ambao hawakutajwa, na kila mwaka ni mamia, wanakuwa wachezaji huru papo hapo. Sasa timu ndizo zinazobembeleza. Simu ya wakala haipoi, makocha wanazungumza na mama wa kijana, na yule ambaye tangu asubuhi alikuwa hana thamani anaulizwa anapenda kwenda wapi. Ni saa moja au mbili tu, lakini katika saa hizo yeye ndiye anayechagua. Dau la kumwaga wino ni dogo, mshahara ni wa kima cha chini, na timu zote zinajua hivyo. Kinachobaki cha kumvutia kijana ni maswali mawili: nani anacheza namba yangu pale, na itachukua muda gani nipate nafasi?

Kwa hiyo shabiki anaposema "tulishindwa kumsajili", nataka aniambie kwanza: tulishindwa kumwona au tulishindwa kumshawishi? Haya ni makosa mawili tofauti. La kwanza ni la skauti. La pili mara nyingi si kosa la mtu yeyote, ni hali ya kikosi.

Sasa turudi Jumapili ile, tarehe 27 Aprili 2003. Romo alikuwa amekulia Burlington, mji mdogo wa Wisconsin, na kucheza Eastern Illinois, chuo kinachoshindana katika daraja lililo chini ya vyuo vikubwa. Mwaka wake wa mwisho, 2002, alichukua tuzo ya Walter Payton ya mchezaji bora wa ushambuliaji wa daraja hilo. Katika siku mbili za drafti alisikia makotabeki 13 wakiitwa. Wa kwanza alikuwa Carson Palmer, aliyefungua dimba kwa kwenda Cincinnati. Wa mwisho waliitwa kwenye raundi ya saba, wakati kumbi zimeshaanza kuwa tupu. Jina la Romo halikusikika.

Dallas wenyewe, ambao leo wanasifiwa kwa jicho kali, walikuwa na nafasi saba kwenye drafti ile na mara zote saba walitaja mtu mwingine. Raundi ya tatu walimchukua Jason Witten, aliyekuja kuwa mpokeaji kipenzi wa Romo kwa zaidi ya muongo mmoja, na hapo sina neno la kuwakosoa. Lakini raundi ya saba? Wangeweza kumtaja wakamaliza kazi, asingekuwa na pa kukimbilia. Hawakufanya hivyo. Timu zote 32 zilimpita, na ile iliyompata ilimpita sawasawa na nyingine. Anayemsifu Jerry Jones, mmiliki wa Dallas, kwa kumwona Romo akiwa amefichika inabidi aeleze kwa nini basi alimwacha hadi simu zikaanza kupigwa, wakati kila mtu ana namba ya simu ya wakala wake.

Na waliopiga hawakuwa wageni. Mike Shanahan, kocha mkuu wa Denver, alisoma Eastern Illinois. Aliichezea nafasi hiyohiyo ya kotabeki mpaka alipoumia mazoezini, figo ikapasuka, akaponea chupuchupu. Upande wa Dallas alikuwepo Sean Payton, kocha wa makotabeki chini ya kocha mkuu Bill Parcells, naye ni zao la Eastern Illinois, tena alikiacha chuo kile miaka ya 1980 akiwa na rekodi za pasi ambazo Romo alikuja kuzifukuzia. Fikiria jambo hilo: kijana wa chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Illinois anagombewa na watu wawili waliovaa jezi yake. Huwezi kusema hakuonekana. Hakuna mchezaji asiyechaguliwa mwaka ule aliyekuwa na mashahidi wa karibu kama hao.

Denver walitoa dau kubwa kuliko Dallas. Hili limesimuliwa mara nyingi na Romo mwenyewe hajalificha. Kwa kijana ambaye hajawahi kulipwa kwa kucheza mpira, tofauti ile ilikuwa pesa ya kweli. Hata hivyo alichukua kidogo akaenda Texas.

Kwa nini? Angalia waliokuwa mbele yake. Denver walikuwa wametoka kumsajili Jake Plummer kutoka Arizona kwa mkataba mrefu, akiwa na umri wa miaka 28, kotabeki aliye katika ubora wake. Nyuma yake alikuwepo mkongwe Steve Beuerlein. Kwa hesabu ya kawaida, kijana wa kutoka Eastern Illinois angesugua benchi hadi asahaulike. Dallas walikuwa na Quincy Carter na Chad Hutchinson. Wote wawili walikuwa wameanza mechi mwaka 2002 na timu ikaambulia ushindi mara tano katika mechi 16. Hutchinson alikuwa ametokea besiboli, alikuwa mrushaji wa St. Louis Cardinals kabla ya kurudi kwenye mpira huu. Parcells alikuwa ndiyo kwanza anaingia, hana deni kwa yeyote kati yao. Namba ilikuwa wazi. Romo aliona hivyo, na aliona sawa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mzee wangu. Yeye husema Shanahan angeongeza pesa. Angeongeza kiasi gani? Pesa ya siku ile huliwa ikaisha. Mchezaji ambaye hakuchaguliwa ana maisha mafupi sana kwenye ligi hii: anaingia kambini pamoja na wenzake wapatao 90, na kabla msimu haujaanza wanabaki 53. Waliochaguliwa raundi za juu hawatemwi kirahisi hata wakiharibu, maana kuwatema ni kukiri kwamba bosi alikosea. Asiyechaguliwa hana kinga hiyo. Akikosea pasi tatu Agosti, anarudi kwao. Kwa mtu wa namna hiyo nafasi ya kuonekana mazoezini ina thamani kuliko hundi yoyote ambayo timu ingethubutu kumwandikia.

Sisemi hivi ili kuwaosha Denver. Kuna hoja moja ya mzee ambayo sijaweza kuivunja, na lazima niiweke wazi. Romo hakucheza Dallas mwaka 2003. Hakucheza 2004, wala 2005. Misimu mitatu kamili hakurusha pasi hata moja katika mechi ya ligi, kazi yake ikawa kushika mpira unapopigwa kuelekea golini. Agosti 2004, Dallas walipokuwa wameshawaleta makotabeki Vinny Testaverde na Drew Henson, jina lake lilikuwa hatarini, na kilichomnusuru ni kwamba Carter alitemwa ghafla. Namba ile iliyokuwa wazi ilichukua miaka mitatu na nusu kuwa yake. Aliingia mapumziko ya mechi ya Jumatatu usiku, tarehe 23 Oktoba 2006, dhidi ya New York Giants, kuchukua nafasi ya kotabeki Drew Bledsoe, na pasi zake tatu zikanaswa. Wiki iliyofuata akaanza, na hakuna aliyemwondoa tena kwa miaka tisa isipokuwa majeraha.

Sasa mzee huuliza: kama alikuwa na subira ya kusubiri miaka mitatu Dallas, si angesubiri Denver? Mwaka uleule wa 2006 Denver walipanda hadi nafasi ya 11 kwenye drafti ili wampate Jay Cutler, na kabla msimu haujaisha Plummer akawekwa benchi. Cutler naye akauzwa Chicago mwaka 2009 baada ya kutoelewana na kocha mpya. Ukiweka tarehe hizi sambamba unaona kwamba namba ya Denver ilifunguka karibu wakati mmoja na ya Dallas. Romo angekuwa pale, ameshajifunza mfumo wa Shanahan kwa misimu mitatu, na timu isingehitaji kumtafuta Cutler. Hoja hii ina nguvu. Ukishajua yote haya leo, unaweza kusema Romo alichagua namba iliyoonekana wazi ambayo kwa kweli haikuwa wazi kuliko ya Denver.

Lakini mwaka 2003 nani angejua? Plummer alikuwa na mkataba mpya na akaipeleka Denver kwenye mchujo mwaka huo, mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu akaishia mechi moja kabla ya Super Bowl. Na kusubiri kwenyewe hakufanani. Dallas alisubiri chini ya Payton, mtu aliyeijua njia aliyopita, aliyemnoa kila siku hadi alipoondoka kwenda New Orleans mwaka 2006. Denver angesubiri nyuma ya mtu anayeshinda. Ukisubiri nyuma ya mtu anayeshindwa unaitwa siku moja. Ukisubiri nyuma ya anayeshinda unatemwa kimyakimya ili apatikane nafasi ya mlinzi wa ziada.

Kilio cha mzee kina siku yake ya kumbukumbu, na nilikuwepo. Tarehe 6 Oktoba 2013 Denver walikwenda Dallas. Saluni ilijaa hadi mlangoni, Wakongo, Wakenya, Waethiopia, hakuna aliyekuja kunyolewa. Romo alirusha yadi 506 na tachidauni tano. Manning akamjibu kwa yadi 414 na tachidauni nne. Matokeo yakawa sare ya 48 kwa 48 zikiwa zimebaki dakika mbili, mpira uko mikononi mwa Romo, na pasi yake ikanaswa na Danny Trevathan wa Denver kwenye upande wa Dallas wa uwanja. Denver wakapiga mpira kupitia milingoti, wakashinda 51 kwa 48. Saluni nzima iliruka. Mzee peke yake alibaki amekaa kwenye kiti cha wateja, anamtazama Romo akitoka uwanjani ameinamisha kichwa. Alikuwa na furaha ya ushindi na uchungu wa kumwona mtu wake akishindwa, vyote kwa pamoja, na siku ile nilielewa kwamba ubishi wetu kwake si wa maneno tu.

Kama kweli tunataka kutafuta timu ya kulaumiwa kwa kutomsajili mtu asiyechaguliwa, mimi ningewapeleka mashabiki Tampa mwaka 1990. John Randle alitoka Texas A&I bila kuchaguliwa. Kaka yake, Ervin, alikuwa tayari anaichezea Tampa Bay Buccaneers, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na kijana akaletwa kujaribiwa. Wakamwangalia, wakamwona mdogo wa mwili kwa mtu wa safu ya ulinzi ya mbele, wakamwacha aende. Minnesota Vikings wakamchukua. Randle amesimulia kwamba siku ya kupimwa uzito alijifunga mnyororo ndani ya nguo ili afikishe ratili walizotaka. Akawaangusha makotabeki mara 137 na nusu katika maisha yake ya mpira huo na mwaka 2010 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Hilo ndilo kosa la kweli. Tampa wakati ule ilikuwa nyumba tupu: kuanzia 1983 hadi 1996 haikuwa na msimu hata mmoja ambao mechi ilizoshinda zilizidi ilizopoteza. Namba zilikuwa wazi kila kona. Kijana alikuja kwa miguu yake, damu yake ilikuwa ndani ya kikosi, hakuna timu nyingine iliyokuwa inampandishia dau. Kilichomkataa ni kipimo cha urefu na uzito. Shabiki wa Tampa ana haki ya kukasirika hadi leo, kwa sababu pale hapakukosekana namba, palikosekana macho.

Linganisha na Green Bay na Kurt Warner. Hadithi ya Warner inapendwa sana, kwamba hakuchaguliwa mwaka 1994, akatemwa kambini na Packers, akaenda kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la Hy-Vee huko Cedar Falls, Iowa, kwa dola 5.50 kwa saa, kisha mwaka 1999 akawa mchezaji bora wa ligi na kuipa St. Louis Rams taji la Super Bowl. Watu hucheka wakisema Packers walimtema mfalme. Lakini Packers walikuwa na Brett Favre, na nyuma yake Mark Brunell na Ty Detmer. Walikwenda kubeba taji lao la msimu wa 1996 na Favre huyohuyo. Walipoteza nini? Warner alikuwa lulu kwenye nyumba ambayo haikuwa na pa kuiweka.

Nikirudi Denver, jambo linalonisikitisha kuhusu mjadala wa Romo ni kwamba unafunika kitu ambacho klabu hii imekifanya vizuri kuliko nyingi. Rod Smith aliletwa mwaka 1994 kutoka Missouri Southern bila kuchaguliwa. Mpira wa kwanza aliodaka kwenye ligi, Septemba 1995, ulikuwa pasi ya Elway ya yadi 43 kwenye mchezo wa mwisho wa mechi dhidi ya Washington, tachidauni, ushindi. Alistaafu na yadi 11,389. Chris Harris alikuja mwaka 2011 kwa bonasi ya dola 2,000, akawa mlinzi wa pembeni wa kutegemewa kwenye kikosi kilichochukua taji la 2016. Kwenye fainali hiyohiyo tachidauni pekee ya ushambuliaji wa Denver ilifungwa na C.J. Anderson, naye hakuchaguliwa. Watu hawa hawakuja Denver kwa bahati. Walikuja kwa sababu mawakala walijua kwamba pale, asiyechaguliwa akifanya vizuri Agosti, Septemba atavaa jezi. Sifa hiyo huwezi kuinunua kwa bonasi.

Na hapa ndipo lawama yangu kwa Denver inapoanzia. Ukishampata mtu kwa njia hiyo, mtunze. Shaquil Barrett alitoka Colorado State, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Denver. Alianzia kikosi cha mazoezi mwaka 2014, akafanya kazi nyuma ya Von Miller na DeMarcus Ware, akapanda. Kila alipokaribia namba, klabu ilileta mtu wa raundi ya kwanza: Shane Ray mwaka 2015, Bradley Chubb mwaka 2018. Mwaka 2019 mkataba ukaisha, akaondoka kwenda Tampa, na msimu wake wa kwanza tu akawaangusha makotabeki mara 19 na nusu, akaongoza ligi nzima. Huyu hakuwa kwenye simu na timu nyingine. Alikuwa ndani kwa miaka mitano.

Phillip Lindsay inauma zaidi, kwa sababu ni mtoto wa hapa. Alizaliwa Denver, akasoma sekondari ya Denver South, akacheza Chuo Kikuu cha Colorado. Mwaka 2018 hata kwenye majaribio ya pamoja ya ligi hakualikwa. Denver wenyewe katika drafti ile walimchukua mbeba mpira mwingine, Royce Freeman, kwenye raundi ya tatu, kisha wakamsajili Lindsay baada ya drafti kuisha. Akavaa jezi namba 30, ile ya Terrell Davis, mbeba mpira wa enzi za Elway, akawa anaishi nyumbani kwa wazazi wake, akampita Freeman na kukimbia yadi 1,037. Akawa mshambuliaji wa kwanza asiyechaguliwa kwenye drafti kuteuliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, katika msimu wake wa kwanza. Msimu wa pili, yadi 1,011. Mwaka 2020 klabu ikamleta Melvin Gordon kwa mkataba mnono, na mwaka 2021 Lindsay akaenda Houston. Hakurudia tena kiwango kile, kwa hiyo bosi aliyefanya uamuzi anaweza kusema uwanja umempa haki. Mimi bado naona klabu ilivunja ahadi ambayo haijaandikwa: kwamba aliyepata namba kwa jasho hataletewa mtu wa pesa kabla hajaipoteza mwenyewe.

Wakala anayepokea simu baada ya raundi ya saba anayakumbuka haya yote. Anamwambia kijana wake: pale watakutumia, lakini tazama walivyomfanyia Lindsay. Timu nyingine inayopiga ina dau dogo na namba iliyo wazi. Ndivyo Romo mwingine anavyopotea, miaka kadhaa baada ya kosa lenyewe kutendeka, na shabiki anabaki kumlaumu mtu aliyeshika simu siku ile.

Kutoa nafasi si lazima kuzae nyota, na sitaki nieleweke hivyo. Wakenya wanamkumbuka Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 bila kuwa amecheza mpira huu hata siku moja. Hakupitia drafti wala chuo cha Marekani. Walimfundisha kuanzia jinsi ya kuvaa vifaa, na Desemba ya mwaka uleule akaingia uwanjani kwenye mechi ya ligi. Alikaa nao hadi 2015. Namba ya kudumu hakuipata, lakini hakuna anayeweza kusema Colts walikosea. Walikuwa na nafasi, wakampa mtu muda wa kuonekana.

Yule Sean Payton aliyemchukua Romo kutoka mikononi mwa Denver sasa ndiye kocha mkuu wa Denver, tangu 2023. Mwaka 2024 akamchagua Bo Nix wa 12, na mzee ameanza tena kulala vizuri. Nilidhani hilo lingefunga mjadala. Mara ya mwisho nilipokaa kwenye kiti chake alinikumbusha fainali ya kanda ya Januari 2006, Denver wakiwa nyumbani dhidi ya Pittsburgh, Plummer akipoteza mpira mara nne, 34 kwa 17, na yeye akiwa jukwaani na mtoto wake wa kwanza begani. Nikamwambia: mzee, siku ile Romo alikuwa na misimu mitatu Dallas na hajarusha pasi hata moja. Angekusaidia nini?

Akazima mashine. Akanipangusa nywele shingoni kwa kitambaa, taratibu, kama anatafuta maneno.

"Kule hakurusha," akasema. "Hapa angerusha."